Kuoga na Kuogesha: Kufundisha Kitenzi cha Kujirejea cha Kihispania katika Wakati Uliopo

Mwalimu aanzaye kufundisha Kihispania hukutana mapema sana na neno dogo la herufi mbili ambalo kamusi hulibandika mwishoni mwa vitenzi vingi, nalo ni "se". Kamusi yataja "bañar", kisha yataja "bañarse". Yataja "levantar", kisha "levantarse". Wanafunzi huuliza tofauti ni ipi, na jibu limjialo mwalimu upesi ni kwamba "se" ni "-ji-" ya Kiswahili. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo izaayo makosa ambayo mwalimu atayasahihisha mwaka mzima bila kuyamaliza. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia nyingine ya kuliingia somo hili, yaani kuanzia kwenye jozi za vitenzi ambazo kila mtoto asemaye Kiswahili anazo tayari kinywani mwake.

Kwanza tuseme neno moja kuhusu lugha yenyewe. Kihispania si lugha ya Hispania tu, wala si ya Amerika ya Kusini na ya Kati tu. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru wake mwaka 1968, na imo pamoja na Kiswahili katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Kwa hiyo mwalimu atakayepewa klabu ya lugha au kundi dogo la wanafunzi wa Kihispania asione kwamba anafundisha jambo la mbali. Hata yule ambaye hatakifundisha kamwe atapata humu mfano wa namna lugha ya mwanafunzi inavyoweza kuwa ngazi ya kupandia lugha nyingine.

Sasa tuzitazame hizo jozi. Mtoto wa Kiswahili husema "mama anaoga", kisha husema "mama anamwogesha mtoto". Husema "ninaamka", na "ninamwamsha mdogo wangu". Vivyo hivyo lala na laza, keti na ketisha, vaa na visha. Katika jozi hizi zote Kiswahili huanza na mtu mwenyewe. Neno fupi, lile la asili, humhusu mtendaji peke yake. Tukitaka kitendo kimwendee mtu mwingine ndipo tunapoongeza kiambishi cha kutendesha na kulirefusha neno.

Kihispania huenda kinyume. Neno fupi, "bañar", maana yake ni kumwogesha mwingine. "Despertar" ni kumwamsha mwingine, "acostar" ni kumlaza, "sentar" ni kumketisha, "vestir" ni kumvisha. Mhispania akitaka kusema kwamba kitendo kimemrudia mtendaji mwenyewe ndipo anapoongeza kile kiwakilishi kidogo: "bañarse", kuoga, "despertarse", kuamka, "acostarse", kulala kitandani, "sentarse", kuketi, "vestirse", kuvaa. Lugha zote mbili zina maneno mawili kwa mambo mawili. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia: sisi twatoka kwa nafsi kwenda kwa mwingine, wao hutoka kwa mwingine na kurudi kwa nafsi.

Jambo hili likieleweka, mwanafunzi hataona ajabu kwamba kitendo cha kawaida kama kuoga kinahitaji neno la ziada. Aidha, hatajaribu kutafsiri "me baño" kuwa "ninajioga", kauli ambayo hakuna aisemaye. Kuna "ninajiogesha", nayo ni sahihi, lakini itazameni inavyotumika: huisema mgonjwa aliyepata nafuu, ambaye jana aliogeshwa na jamaa zake na leo ameweza kujiogesha mwenyewe. Huo ni mkazo maalumu. "Me baño" haina mkazo huo hata kidogo. Ni "ninaoga", basi.

Tunamshauri mwalimu atayarishe zana chache kabla ya kipindi: mwanasesere mmoja, ambaye twaweza kumwita Rosa, kitambaa, na beseni. Maji hayahitajiki. Mwalimu amshike mwanasesere, ajifanye anamwogesha, na aseme: "Yo baño a Rosa." Kisha amweke Rosa mezani, ajipanguse mikono na mabega yake mwenyewe kwa kitambaa, aseme: "Me baño." Arudie mara kadhaa bila kueleza lolote. Halafu amwite mwanafunzi mmoja mbele afanye moja ya vitendo hivyo viwili, na darasa liseme ni kipi. Wanafunzi wataisikia "me" kabla ya kuiona, nasi twaona hivyo ni bora, kwa maana ubaoni macho huvutwa na mwisho wa kitenzi na kile kineno cha mbele husahauliwa.

Katika sentensi "baño a Rosa" kuna "a" ambayo wanafunzi wataiuliza. Kihispania huweka "a" mbele ya mtendwa aliye mtu, na aghalabu hakiiweki mbele ya kitu: "lavo los platos", ninaosha vyombo, "lavo al niño", ninamwosha mtoto. Kiswahili nacho humpa mtu heshima ya namna hiyo, kwani twasema "ninamwosha mtoto" kwa kutia "-mw-", hali tukisema "ninaosha vyombo" bila kulazimika kutia "-vi-". Mwalimu autaje mfano huo na kupita.

Baada ya masikio kuzoea, ndipo kitenzi kiandikwe ubaoni kwa nafsi zote:

(yo) me baño: ninaoga
(tú) te bañas: unaoga
(él, ella, usted) se baña: anaoga
(nosotros) nos bañamos: tunaoga
(vosotros) os bañáis: mnaoga
(ellos, ellas, ustedes) se bañan: wanaoga, mnaoga

Herufi "ñ" isomwe kama "ny" yetu katika "nyama", hakuna ugumu. "Os bañáis" hutumika hasa Hispania. Katika Amerika ya Kusini na ya Kati watu wengi wakiambiwa "mnaoga" huambiwa "ustedes se bañan". Kwa wanaoanza, tunapendekeza "os bañáis" iandikwe na isomwe, lakini isitahiniwe. Kuhusu "usted", mwalimu aeleze kwamba ni wewe ya heshima, na kwamba kitenzi chake hufuata umbo la yeye: mtoto huulizwa "¿cómo te llamas?" na mzee huulizwa "¿cómo se llama usted?" Wanafunzi waliokuzwa kwa shikamoo hawatachelewa kuelewa kwa nini.

Hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu swali lenye thamani kuliko yote litatokea hapa: kwa nini viwakilishi hivyo vinabadilika, hali "-ji-" yetu haibadiliki? Sisi twasema ninajitazama, unajitazama, anajitazama, tunajitazama. Nafsi hugeuka mwanzoni mwa kitenzi na "-ji-" hubaki ile ile. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "se" ni "-ji-" atafuata sheria ya lugha yake kwa uaminifu, naye atasema "yo se baño", "tú se bañas", "nosotros se bañamos". Si mvivu wala si mzembe. Amefikiri vizuri kwa kutumia kanuni aliyopewa, na kanuni ndiyo iliyompotosha.

Njia ya kumwongoza ni kumwonyesha kwamba "me", "te", "nos" na "os" si viwakilishi vya kujirejea peke yake. Ni viwakilishi vya mtendwa vya kawaida, ndugu wa "-ni-", "-ku-" na "-tu-" zetu. "Rosa me baña" ni "Rosa ananiogesha". "Rosa te baña" ni "Rosa anakuogesha". "Rosa nos baña" ni "Rosa anatuogesha". Mhispania asemapo "me baño" hutumia "me" ile ile, kana kwamba Mswahili angesema "ninaniogesha". Kiswahili hakikubali maneno hayo. Mtenda na mtendwa wakiwa mtu mmoja, "-ni-" huondoka na "-ji-" huingia, nayo hutumikia nafsi zote. Kihispania hukubali, kwa kuwa hakuna awezaye kukosea: nikisema mimi na kumtaja mimi, mtendwa ni mimi tu.

Lakini katika nafsi ya tatu mambo ni mengine. "Juan lo baña" maana yake ni Juan anamwogesha yeye, naye huyo ni mtu mwingine, pengine mdogo wake. Duniani kuna akina yeye wengi. Lazima pawe na neno la kueleza kwamba yeye aogeshaye na yeye aogeshwaye ni mmoja, na neno hilo ndilo "se". Kwa hiyo "se" ni neno maalumu la nafsi ya tatu, umoja na wingi, pamoja na "usted" na "ustedes" ambazo huazima umbo la nafsi hiyo. Kwamba kamusi imelichagua kuwa mwakilishi wa wenzake wote ni desturi ya watunga kamusi tu. Tunamsihi mwalimu afanye zoezi moja kuhusu jambo hili. Wanafunzi wawili wa kiume wasimame mbele pamoja na beseni, na darasa litofautishe "Juan se baña" na "Juan lo baña" kwa kunyoosha kidole kwa yule anayeogeshwa. Likifanywa vizuri, zoezi hilo la dakika tano huondoa haja ya maelezo mengi.

Mahali pa kiwakilishi si pagumu. Katika wakati uliopo hukaa mbele ya kitenzi, na kikanushi "no" hukaa mbele yake: "no me baño", siogi. Kitenzi kikiwa katika umbo lile lianzalo kwa "ku-" kwetu, kiwakilishi huweza kunata mwishoni: "quiero bañarme", nataka kuoga. Hata hapo hubadilika kufuata nafsi. "Quiero bañarse" ni kosa, nalo hutokana na kunakili kamusi.

Sasa tuje kwenye matumizi. Wakati uliopo wa Kihispania hufanya kazi mbili ambazo sisi tumezigawa. "Me baño" yaweza kuwa "ninaoga" na yaweza kuwa "huoga", nayo maana hii ya pili, ya mazoea, ndiyo itumikayo zaidi katika masimulizi ya shughuli za kila siku. Mwalimu achunge "hu-" yetu, maana haina nafsi kabisa: mimi huoga, wewe huoga, sisi huoga. Mwanafunzi hutoka katika umbo lisiloonyesha nafsi hata mara moja na kuingia katika umbo linaloionyesha mara mbili, mbele kwa "me" na nyuma kwa "-o". Ajulishwe mapema kwamba vyote viwili ni lazima na kwamba ni sharti vikubaliane. "Me bañas" ni Kihispania sahihi, lakini maana yake ni "unaniogesha", jambo ambalo huenda hakukusudia kulisema mbele ya darasa.

Shughuli za kila siku huleta mtego mwingine usiohusu sarufi. Mtoto wa Kiswahili huamka saa kumi na mbili asubuhi. Akitafsiri kwa hesabu zake atasema "me despierto a las doce", na msikilizaji atamwona mvivu mkubwa aamkaye saa sita mchana. Saa kumi na mbili ya asubuhi ni "las seis de la mañana". Saa ya ubaoni iliyochorwa kwa chaki yatosha kufundishia jambo hilo, bora lifanywe kabla ya kuandika insha.

"Despertarse" kina tabia yake: "me despierto, te despiertas, se despierta", lakini "nos despertamos". Irabu ya shina hugeuka pale mkazo wa sauti unapoiangukia, na hurudi mkazo unapohama. "Acostarse" hutoa "me acuesto" na "nos acostamos". "Vestirse" hutoa "me visto" na "nos vestimos". "Sentarse" hutoa "me siento", naketi, ambayo husikika sawasawa na "me siento" ya kitenzi kingine, "sentirse", yaani najisikia. "Me siento en la silla" na "me siento bien" hazichanganyikani iwapo sentensi ni kamili. Hakuna haja ya kuvifundisha vitenzi hivi vyote kwa siku moja.

Mwanafunzi akishaimudu nafsi, ndipo aonyeshwe kwamba kiwakilishi hiki kimoja kinafanya kazi ambazo Kiswahili kimewapa viambishi mbalimbali. Ziko kazi za "-ji-" halisi: "esconderse" ni kujificha, "prepararse" ni kujitayarisha, "me miro en el espejo" ni najitazama kwenye kioo. Hapo lugha mbili zinakutana. Ziko kazi za vitenzi vya hali, ambavyo kwetu vingi huishia kwa "-ka": "enojar" ni kukasirisha na "enojarse" ni kukasirika, "cansar" ni kuchosha na "cansarse" ni kuchoka, "el perro asusta al niño" ni mbwa anamshtua mtoto, na "el niño se asusta" ni mtoto anashtuka. Ziko kazi za "-ana": "nos ayudamos" ni tunasaidiana. Katika wingi, "se miran" yaweza kuwa wanajitazama na yaweza kuwa wanatazamana, na Mhispania hulazimika kuongeza "el uno al otro" akitaka kuondoa shaka. Kiswahili kimekwisha kuiondoa ndani ya kitenzi chenyewe. Na iko kazi ya "-wa". "Me llamo Juma", kwa neno kwa neno, ni "najiita Juma", lakini sisi twasema "naitwa Juma". Mtu akitujia na kusema anajiita Juma, tutashuku kwamba nyumbani kwao ana jina lingine.

Vipo pia vitenzi ambavyo maana yake imehama. "Voy" ni naenda, "me voy" ni naondoka. "Dormir" ni kulala usingizi, "dormirse" ni kupitiwa na usingizi. "Quejarse", kulalamika, hakina umbo lisilo na kiwakilishi. Mwanafunzi akidai sababu, mwalimu amkumbushe "vuna" na "jivuna", "fungua" na "jifungua". Nasi tunayo maneno ambayo "-ji-" imeyapeleka mbali na asili yake, na tunayatumia bila kuulizana.

Jambo moja lahusu lugha ya kufundishia, na tunalisema kwa kuwa vitabu vingi vya Kihispania vipatikanavyo kwetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mhispania husema "me lavo las manos", nanawa mikono. Hasemi mikono yangu, kwa sababu "me" imekwisha kueleza ni ya nani. Kiingereza hudai "yangu", na mwanafunzi apitiaye Kiingereza huandika "lavo mis manos", kisha hukosolewa. Kiswahili hakidai. Twasema "nimenawa mikono", "nimevunjika mguu", "ameumia kichwa", na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo mwalimu anayemtoa mtoto kwenye Kiswahili hadi Kiingereza, ndipo amfikishe kwenye Kihispania, amemzungusha njia ndefu na kumtwisha kosa ambalo hakuwa nalo. Vivyo hivyo zile jozi za oga na ogesha: Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, na kitabu chake hakiwezi kuzitumia. Sisi twaweza. Tunaona ni hasara kubwa mwalimu kuacha chombo hicho kando kwa kudhani kwamba lugha ya kigeni sharti ifundishwe kwa lugha nyingine ya kigeni.

Yabaki masahihisho. Mwanafunzi akisema "yo baño" na kunyamaza, mwalimu asimkatize kwa kanuni. Amwulize tu: "¿A quién?" Unamwogesha nani? Kisha amkabidhi Rosa. Darasa litacheka, naye ama atasema "a Rosa", na sentensi yake itakuwa imekamilika, ama atamrudisha mwanasesere mezani na kusema "me baño". Akisema "yo se baño", mwalimu amwelekeze kidole kwa mwenzake, kama kwamba amesikia habari za mtu mwingine, amwulize: "¿Quién? ¿Juan?" Kwa kosa la "me lavo mis manos" hapahitajiki mchezo, mwalimu aseme sentensi sahihi na darasa lirudie.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mwanafunzi aandike sentensi sita kuhusu asubuhi ya kwao: tatu za mambo anayoyafanya yeye mwenyewe, na tatu za mambo anayomfanyia mdogo wake au anayofanyiwa na mkubwa wake. "Me despierto a las seis. Despierto a mi hermano. Mi madre baña al niño. El niño se enoja." Madaftari yakirudi, mwalimu asome kwanza viwakilishi peke yake, toka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, kabla ya kutazama tahajia au jambo lingine lolote. Kwa kuvifuata hivyo tu atajua ni wanafunzi gani wa kuendelea nao kwenye "despertarse" na "vestirse", na ni wepi wanaohitaji kurudishiwa Rosa na beseni kwa kipindi kimoja zaidi.